Kitenzi Kitangulie: Kuunda Lugha Ndogo ya Programu kwa Ajili ya Lodwar na Kakuma



Nina dai moja, nami nitalitetea mpaka mwisho. Lugha ya programu inayofaa zaidi kuanzia masomo katika kaunti hii ya Turkana ni ile ambayo kitenzi chake hutangulia, ambayo sheria zake za sintaksia hutosha kwenye nusu ya ukurasa, na ambayo mwanafunzi anaweza kuijenga upya kwa mikono yake. Lugha za aina hiyo zimekuwapo tangu 1958. Jamii yake huitwa Lisp. Wanaozijua kwa mbali huzilaumu kwa mambo mawili: kwamba zina mabano mengi mno, na kwamba hakuna binadamu anayezungumza hivyo. Nitayarudia mabano baadaye. Lawama ya pili si kweli, na hapa Lodwar ndipo mahali pa kuikanusha.

Kiturkana ni lugha ya Kiniloti cha Mashariki, ndugu ya Kitoposa, Kikarimojong, Kiteso, Kilotuho na Kimaasai. Mwanaisimu Gerrit Dimmendaal alichapisha sarufi yake pana mwaka 1983, na jambo moja lililomo humo kila mama wa Kanamkemer analijua bila kufungua kitabu: sentensi ya kawaida huanza na kitenzi. Hufuata mtenda, kisha mtendwa. Kwa Kiswahili tunasema mtoto amekunywa maziwa. Kwa Kiturkana unaanza na kunywa, halafu mtoto, halafu maziwa. Katika matamshi, toni humpambanua mtenda na mtendwa. Lakini toni haziandikwi katika maandishi ya kawaida, kwa hiyo msomaji wa Kiturkana huutegemea mpangilio ili ajue nani kafanya nini.

Sasa tazameni jinsi Lisp inavyoandika tisa kutoa nne:

(toa 9 4)

Kitendo kimetangulia. Kinafuatwa na kinachotolewa kitu, kisha na kile kinachotolewa. Hakuna alama inayosema ipi ni ipi. Nafasi ndiyo inayosema. Mtoto aliyelelewa kwa Kiturkana amekuwa akipanga mawazo yake hivi tangu alipoanza kusema. Tunampeleka shule, tunamfundisha kuweka alama ya kutoa katikati, na akifika kwenye kompyuta tunamwambia kwamba kuanza na kitendo ni jambo la kigeni. Ni la kigeni kwa nani?

Nimeitaja Kakuma kwa makusudi. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, sijui mahali pengine Kenya ambapo mipangilio yote ya sentensi inakutana kwenye foleni moja ya maji. Mtoposa na Mlotuho wanaanza na kitenzi kama Mturkana. Mswahili, Mkongo anayesema Kifaransa na Mrundi wanakiweka katikati. Msomali, Muoromo na Mwamhara wanakiweka mwisho kwa kawaida: maji kwanza, kuleta baadaye. Ajabu ni kwamba hisabati nayo imeijaribu mipangilio hiyo hiyo mitatu. Ile ya katikati ndiyo ya shuleni. Ya kutanguliza ilibuniwa na mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, mwaka 1924, naye alikuwa akitafuta namna ya kuandika mantiki bila mabano hata moja. Ya kumalizia ilitumiwa kwenye kikokotoo cha mfukoni cha HP-35 kilichotoka mwaka 1972, na ndiyo msingi wa lugha ya programu iitwayo Forth. Hakuna hata moja iliyo ya asili kuliko nyingine. Kila moja ni mazoea ya watu fulani, na darasa la Kakuma lina watu wa mazoea yote matatu.

Kwa nini basi nichague ya Mturkana? Si kwa sababu tuko kwake tu, ingawa adabu ya mgeni ina uzito. Nachagua kwa sababu hata Kiswahili, lugha ya katikati, hugeuka pale kinapoamuru. Mwalimu hasemi "wewe saba zidisha". Anasema: zidisha saba kwa kumi na tano. Jumlisha. Gawanya. Amri zetu zote huanza na kitenzi, na programu ni mfululizo wa amri. Kiturkana na Kiswahili cha kuamrisha vinakutana mahali pamoja, na lugha hizo mbili ndizo zinazosikika zaidi kuanzia hapa mpaka Lokichoggio.

Tuchukue hesabu ya kweli. Kiwango cha chini cha Sphere, kinachotumiwa na mashirika ya misaada, ni lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Mtungi wa kawaida ni lita 20. Familia ina watu saba, na wamefika wageni wawili. Je, mitungi mingapi? Mtoto akiandika bila uangalifu ataandika:

7 + 2 × 15 ÷ 20

na jibu litakuwa 8.5, ambalo ni kosa. Walioanza shule Tanzania walifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sisi wa Kenya tulikaririshwa BODMAS. Makusudi ni yale yale: orodha ya kukariri ili ujue kitendo kipi kifanywe kabla ya kingine, maana mwandiko wenyewe hausemi. Katika mpangilio wa Lisp hakuna cha kukariri:

(gawanya (zidisha (jumlisha 7 2) 15) 20)

Anza ndani kabisa. Saba na wawili ni tisa. Tisa mara kumi na tano ni 135. Gawanya kwa 20, unapata mitungi 6.75. Huwezi kuandika hesabu hii ukaacha shaka kuhusu kipi kinatangulia, kwa sababu kila kitendo kimefungwa pamoja na vitu vyake. Na jambo la kuweka usemi ndani ya usemi si geni pia. Katika Kiturkana sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, na inaendelea hivyo hadi tisa. Kumi ndiyo yenye neno lake. Mtoto anayehesabu mbuzi saba kwa lugha ya nyumbani ameshatamka (jumlisha 5 2).

Sasa niwaeleze lugha ninayoipendekeza, maana nisingetaka kuwaita hapa kwa nadharia tupu. Bado haina jina, na kwa maoni yangu jina litolewe na watakaoitumia. Sintaksia yake ni hii. Kuna vitu vitatu tu: nambari, neno, na orodha. Orodha huanza kwa bano la kufungua na kuisha kwa bano la kufunga, na ndani yake mna nambari, maneno, au orodha nyingine. Maandishi ya kuonyeshwa kwa mtu huwekwa kati ya alama za mtajo, nayo tunayahesabu kama neno moja refu. Basi. Sheria zote za sintaksia zimekwisha.

Udogo huu una historia inayofaa kusimuliwa. John McCarthy alianza kuunda Lisp mwaka 1958 katika chuo cha MIT, Marekani, na makala yake iliyoieleza ilichapishwa Aprili 1960. Ndani ya makala hiyo aliandika kanuni moja, eval, inayoonyesha jinsi usemi wowote wa Lisp unavyokokotolewa, na aliiandika kwa Lisp yenyewe. Kwake ilikuwa hoja ya karatasini. Kijana wa hapo maabara, Steve Russell, aliisoma akasema anaweza kuigeuza kwa mkono kuwa amri za mashine ya IBM 704. McCarthy alimwambia kwamba anachanganya nadharia na vitendo. Russell akaiandika hata hivyo, na kompyuta ikaanza kukokotoa Lisp. Lugha ilizaliwa kwa sababu ilikuwa ndogo kiasi cha mtu mmoja kuishika yote kichwani.

McCarthy, kwa kweli, hakutaka mabano yabaki. Alikusudia watu waandike kwa mwandiko mwingine unaofanana zaidi na hisabati, na mabano yawe mambo ya ndani ya mashine. Mwandiko huo haukukamilishwa, na waandishi wa programu wakawa wameshayapenda mabano. Tangu hapo kila kizazi kimejaribu kuyaondoa na kila kizazi kimeyarudia, nami naamini kuna sababu.

Jaribio zuri kuliko yote lilikuwa Logo, lugha ya watoto iliyotolewa mwaka 1967 na Seymour Papert, Cynthia Solomon, Wally Feurzeig na wenzao. Logo ni mtoto wa Lisp. Iliacha mabano kwa hila ya busara: kila neno linajulikana linahitaji vitu vingapi. Kama jumlisha huchukua viwili, basi jumlisha 3 4 inaeleweka bila bano. Ni nzuri, na watoto wengi duniani waliipenda. Lakini ina gharama. Ili usome sentensi ya Logo, sharti uyajue maneno yake yote, kwa kuwa usipojua neno linachukua vitu vingapi huwezi kujua linaishia wapi. Mabano hayamdai mgeni hilo. Mpe mtu aliyefika jana kutoka Bor au Uvira, asiyejua neno gawanya wala zidisha, mstari ule wa mitungi. Bado ataona kwamba 7 na 2 vimefungwa pamoja, kwamba kifungu hicho kimo ndani ya kingine chenye 15, na kwamba vyote vimo ndani ya kile chenye 20. Ataona umbo kabla ya maana. Katika mji ambamo kila wiki kuna aliyefika jana, hiyo ni sababu tosha ya kuyatunza.

Kuna sababu nyingine, ya simu. Vijana wengi hapa wataandika programu yao ya kwanza kwenye simu, na wataitumia kwa WhatsApp. Lugha ya Python, ambayo naiheshimu, hutegemea nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari. Nakili programu kutoka ubaoni au kutoka kioo chembamba cha simu, nafasi zikipotea maana imepotea. Bano halipotei. Na WhatsApp ikiona kinyota upande huu wa neno na kinyota upande ule, huchukulia kwamba unataka neno likolezwe wino, na hukificha kila kinyota. Kinyota ndicho alama ya kuzidisha katika lugha nyingi za programu, ndiyo maana nataka zidisha liandikwe kwa herufi na si kwa alama.

Hapa ndipo tunapofikia matatizo ya hakika ya kuunda lugha, yale yasiyoandikwa katika vitabu vilivyotungwa mbali. La kwanza ni ng'ombe.

Katika karibu kila Lisp, alama ya ritifaa ina kazi maalumu. Ukiiweka mbele ya kitu, unaiambia kompyuta: usikikokotoe, kichukue kama kilivyo. Sasa mtoto wa Lokichar anaandika neno ng'ombe. Common Lisp, iliyosanifishwa mwaka 1994, italikata vipande viwili: neno ng, halafu ombe lililonukuliwa. Lugha iliyoundwa kwa wafugaji haiwezi kuanza kwa kumchinjia mtoto neno hilo. Clojure, Lisp iliyotolewa na Rich Hickey mwaka 2007, huruhusu ritifaa ndani ya neno mradi isiwe mwanzoni, na hiyo ni njia mojawapo. Mimi nimeamua kwenda mbali zaidi: ritifaa isiwe na kazi yoyote isipokuwa kuwa sehemu ya neno, na anayetaka kunukuu aandike nukuu kwa herufi zake zote:

(nukuu (ng'ombe mbuzi ngamia))

Halafu simu nazo zina ukorofi wao. Ukibonyeza ritifaa, simu nyingi huandika ile iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Mtoto ataandika neno lile lile kwa simu mbili na kuambiwa halijulikani. Kwa hiyo sehemu ya kusoma ya lugha yetu lazima izifanye ritifaa zote kuwa moja kabla ya jambo lolote, na alama za mtajo vivyo hivyo.

La pili ni koma. Mwanafunzi wa Kenya huandika elfu moja hivi: 1,000. Mwanafunzi aliyesomea Bujumbura au Bukavu kwa Kifaransa huandika mbili na nusu hivi: 2,5. Wote wako sahihi kwao, na wote wameketi dawati moja. Tukiikubali koma kwa maana moja tutamdanganya mwingine kimyakimya, na kosa la kimyakimya ndilo kosa baya kuliko yote katika hesabu. Clojure huichukulia koma kama nafasi tupu. Kwetu ingeigeuza 2,5 kuwa nambari mbili. Uamuzi wangu ni kuikataa koma ndani ya nambari, na kueleza kwa heshima: "Sielewi 2,5. Ukikusudia mbili na nusu, andika 2.5. Ukikusudia nambari mbili, acha nafasi kati yake." Huo ni urefu wa kupita kiasi kwa ujumbe wa kosa, wataalamu wataniambia. Nitaubakiza.

Tuje kwenye maneno yanayobeba lugha. Ni manne. Fafanua hulipa jambo jina. Kanuni huunda kanuni mpya, kama vile tunavyosema kanuni ya eneo la duara. Kama huchagua. Nukuu mmeshaiona. Mengine yote, jumlisha, toa na ndugu zao, ni kanuni za kawaida. Hivi ndivyo tunavyoihifadhi hesabu ya mitungi ili tusiirudie:

(fafanua mitungi (kanuni (watu) (gawanya (zidisha watu 15) 20)))

Baada ya hapo (mitungi 9) inatoa 6.75. Neno mitungi limekaa mahali pale pale zidisha linapokaa. Hakuna tofauti kati ya kitenzi kilichokuja na lugha na kitenzi alichokitunga msichana wa darasa la saba jana usiku, na kwangu mimi hilo ni jambo la heshima kwa mwanafunzi.

Neno kama halingeweza kuwa kanuni ya kawaida, na inafaa mwanafunzi aelezwe kwa nini. Kanuni ya kawaida hukokotoa vitu vyake vyote kwanza, ndipo ifanye kazi. Tazameni:

(kama (sawa watu 0) 0 (gawanya lita watu))

Ikiwa hakuna watu, tunataka sifuri. Lakini kama lingekuwa la kawaida, kompyuta ingekimbilia kugawanya kwa sifuri kabla hata ya kuuliza swali. Kwa hiyo kama husubiri: hukokotoa sharti, kisha tawi moja tu. Darasa likilielewa hili limeelewa nusu ya jinsi lugha yoyote ya programu inavyofanya kazi.

Suala la majina lilinipa kazi zaidi. Kanuni ikitaja jina ambalo halimo ndani yake, litafutwe wapi? Lisp ya kwanza ililitafuta pale kanuni inapoitwa. Guy Steele na Gerald Sussman, walipounda Scheme, lugha ya jamii ya Lisp, mwaka 1975, walilitafuta pale kanuni ilipoandikwa, na lugha nyingi za leo zimefuata njia hiyo. Mimi pia. Kanuni iliyotungwa Kakuma ikipelekwa Lodwar iendelee kumaanisha ilichomaanisha Kakuma.

Sasa niingie katika jambo linaloitofautisha Lisp na nyingine, na ambalo linanifanya niamini kwamba ni yetu kuichukua. Programu yenyewe ni orodha. Mstari wa mitungi ni orodha yenye vitu vitatu: neno gawanya, orodha nyingine, na nambari 20. Orodha ya mifugo nayo ni orodha. Zana ile ile inayoichambua mifugo inaichambua programu. Zana mbili za msingi za kuchambua orodha, katika Lisp ya kwanza, ziliitwa car na cdr, majina yaliyotokana na sehemu za neno la kumbukumbu katika mashine ya IBM 704, na wanafunzi wa dunia nzima wameyakariri ingawa mashine yenyewe ilishaenda makumbusho. Sisi tutasema kwanza na baki. Ukitaka kujumlisha idadi zote za mifugo:

(fafanua jumla
  (kanuni (orodha)
    (kama (tupu orodha)
          0
          (jumlisha (kwanza orodha)
                    (jumla (baki orodha))))))

Kama orodha ni tupu, jumla ni sifuri. La sivyo, chukua cha kwanza, ukijumlishe na jumla ya vilivyobaki. Mpe mbuzi 40, kondoo 12 na ngamia 6, yaani (jumla (nukuu (40 12 6))), upate 58. Kanuni inajiita yenyewe, kila mara kwa orodha fupi zaidi, mpaka hakuna kilichobaki.

Na kwa kuwa programu ni orodha, mwanafunzi anaweza kuandika kanuni inayopokea programu na kurudisha programu nyingine. Msomali anayetaka kitenzi mwisho, (9 4 toa), aandike kanuni fupi inayohamisha cha mwisho kuwa cha kwanza, na kompyuta itamwelewa. Anayetaka maneno ya Kiturkana au Kidinka badala ya jumlisha atengeneze jedwali la majina na kanuni ya kuyabadilisha. Msanii na mwanaprogramu Ramsey Nasser, mwenye asili ya Lebanon, alikwisha onyesha kwamba jambo hili si ndoto: mnamo 2012 alianza kuunda Qalb, lugha ya jamii ya Lisp iliyoandikwa yote kwa Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Kazi yake ilifichua ni kiasi gani zana za kompyuta duniani zimejengwa kwa kudhani kwamba mtumiaji anaandika Kiingereza.

Ningependa mazoezi hayo ya kubadilisha maneno na mpangilio yafanywe na kila mwanafunzi. Lakini ubao wa darasa ubaki na mpangilio mmoja, ili watu wa dawati moja wasome ukurasa mmoja. Juu ya hilo sitayumba.

Mtaniuliza kuhusu kazi. Ni swali la haki, na vijana wa Loropio, pale kando ya Ziwa Turkana, ambako kampasi ya Startup Lions iliyosanifiwa na Francis Kéré ilikamilika mwaka 2021, wana haki zaidi ya kuliuliza. Wanaojifunza huko wanatafuta kazi za mtandaoni zinazolipa, na anayelipa anataka JavaScript au Python. Mtaala wa programu wa Kodris Africa ulioidhinishwa na KICD, taasisi ya Kenya ya kukuza mitaala, mwaka 2022 nao umejengwa juu ya Python na lugha ya karibu na JavaScript. Sipingi. Lakini Brendan Eich, muundaji wa JavaScript, alipoajiriwa na kampuni ya Netscape mwaka 1995, alivutwa kwa ahadi kwamba angeweka Scheme ndani ya kivinjari. Mambo ya biashara yakabadilisha mwandiko ufanane na Java, ila moyo wa Scheme ulibaki: katika JavaScript kanuni ni kitu unachoweza kukiweka kwenye jina, kukipitisha, na kukirudisha. Aliyeelewa mitungi na jumla atakuta JavaScript ina jambo analolijua likiwa limevaa alama nyingi zaidi.

Kisha kuna ukubwa. Mtaalamu wa kompyuta Peter Norvig aliwahi kuonyesha kwamba kitafsiri cha Scheme kinaweza kuandikwa kwa Python kwa takriban mistari mia moja. Ripoti ya Scheme ya mwaka 1998, lugha nzima na maktaba yake, ni kurasa 50. Kitu cha ukubwa huo hukaa kwenye simu ya bei nafuu, hufanya kazi bila intaneti, na hakiisubiri bando wala umeme urudi. Lakini kwangu la maana zaidi ni kwamba huchapishwa, husomwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hueleweka chote. Hakuna mwanafunzi wa Kakuma atakayesoma Python yote ilivyojengwa ndani. Hii ataisoma, na akiona uamuzi wangu kuhusu koma ni mbaya, ataubadilisha.

Kwa hiyo tuianze kazi hiyo leo, kwa karatasi mlizogawiwa mlangoni. Chukueni mstari wa mitungi. Pitieni herufi kwa herufi kutoka kushoto. Kila bano la kufungua, ongezeni moja. Kila la kufunga, punguzeni moja. Hesabu itapanda hadi tatu na kurudi sifuri. Hiyo ndiyo sehemu ya kusoma ya lugha yetu, karibu yote.

Kisha fanyeni la pili. Ondoeni bano lililo baada ya 2, mpate:

(gawanya (zidisha (jumlisha 7 2 15) 20)

Hesabu inaishia kwenye moja. Kompyuta itatangaza kwamba bano la gawanya ndilo halikufungwa, kumbe mkosaji ni jumlisha. Mashine haidanganyi, kwa mabano tu haina namna ya kujua. Katika Lisp nyingi jumlisha hupokea vitu vingapi unavyotaka, kwa hiyo hata mwanafunzi akiongeza bano moja mwishoni, (jumlisha 7 2 15) itapita bila swali na itatoa 24. Zidisha itabaki na vitu viwili, 24 na 20, nayo ipite. Na gawanya, iliyopewa kitu kimoja tu, katika Lisp nyingi hugawanya moja kwa kitu hicho bila kulalamika, na mwanafunzi atapata jibu lisilo sahihi asijue palipoharibika. Tukiamua kwamba jumlisha ipokee viwili tu, kosa litakamatwa pale pale lilipo, lakini kujumlisha mbuzi, kondoo na ngamia kutahitaji mabano ya ziada. Mimi naegemea viwili. Sijawaambia wenzangu wa Kakuma wanachopaswa kuchagua, na karatasi zina nafasi chini ya zoezi la pili kwa kila mmoja kuandika chake na sababu yake. Tutazikusanya kabla ya chakula cha mchana.